Maboga ya Wakfu

Jumapili, 5 Mfunguo Tisa 1302

Leo tumepanda. Mvua imenyesha mara mbili tu, zote za kulowesha vumbi. Bi Mize akasema tusingoje ya tatu. Ardhi ilikuwa ya moto chini ya kucha, hata pale karibu na kisima.

Mbegu zilikuwa ndani ya kibuyu kilichozibwa kwa nta. Za vuli zilikufa zote juani. Hizi ndizo za mwisho. Bi Mize hakuturuhusu tuzishike. Alizitia shimoni mwenyewe, mbilimbili, amepiga magoti, na magoti yake hayamtii siku hizi. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nikadhani ni uzee. Kumbe njaa — sote tunatetemeka.

Hili ni boga la marehemu Bi Mwajabu, aliyewaachia wanawake wa mtaa wetu shamba hili kuwa wakfu. Ganda gumu kama kifuu. Liweke darini baada ya masika, litakaa mpaka masika ya pili wala halitaoza. Yale ya mwaka juzi ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo. Tulilila la mwisho Mfunguo Nne. Sasa dari ni tupu.

Bi Mize ndiye mshika mbegu tangu Bi Mwajabu alipofariki. Sote tunamwogopa kidogo. Hata shemeji yangu Mbaruku, msimamizi wa wakfu, huvua viatu akiingia shambani, kwa ajili yake si kwa ajili ya shamba.

Naandika kwa kuwa sina wa kusema naye. Mume wangu Kitwana aliondoka na msafara wa bara mwaka jana. Hakuna habari. Baba, Mungu amrehemu, alinifundisha kuandika ili niisome Kurani vizuri. Hakujua nitakuja kuandika habari za maboga.

Alhamisi, 16 Mfunguo Tisa

Imeota! Si yote. Lakini imeota.

Watu wa bara wanazidi kuingia mjini. Wakwere, Wazigua, Wazaramo. Wanalala vibarazani, asubuhi wengine hawaamki. Wengine wamekwenda kwa mapadre, wanasema kule wanapewa uji. Wengine wanaingia katika nyumba za wakubwa kwa miguu yao na hawatoki tena wakiwa watu huru.

Leo alikuja mmoja kisimani kwetu. Sikuzani jina lake, Mkwere wa upande wa Vigwaza, na mtoto mgongoni, Pazi, hajaanza kusema. Nikamwuliza mume yuko wapi. Akasema amebaki njiani. Sikuuliza tena.

Mbaruku akasema shamba ni la wanawake wa mtaa, mgeni anywe maji aende zake. Bi Mize hakuinua hata kichwa. "Bi Mwajabu aliandika mtaa gani kwenye maji? Huyu ana mikono. Atateka maji, atamwagilia, atakula majani pamoja nasi." Basi, likaisha.

Anateka maji vizuri. Hamwagi tone. Analala kwenye kibanda cha shamba, na Pazi.

Jumanne, 6 Rajabu

Mashina yanatambaa. Masika gani haya — wingu linakuja kutoka baharini, linatusimamia, linakwenda zake.

Ugomvi leo. Ashatu, binti Bi Mize, alichuma majani mengi mno kutoka mche mmoja. Mama yake akampiga mkononi mbele yetu, mtu mzima, mwenye watoto wawili aliokwisha kuzika. "Ukiunyonyoa utazaa nini?" Ashatu akasema, mama, nina njaa. Bi Mize akajibu: na mimi je?

Jioni tulikula majani na chicha ya nazi. Chicha, chakula cha kuku! Na kuku wenyewe hawapo.

Jumatano, 21 Rajabu

Maua ni mengi, manjano tupu, lakini maboga hayashiki. Kila ua jike likinyauka, kile kiboga kidogo chini yake kinageuka njano, kinaanguka. Leo nimeokota vingi. Tumevipika. Vichungu kidogo.

Bi Mize ametukalisha chini, mimi, Ashatu na Sikuzani. Amesema nyuki wamehama, hakuna umande, hakuna maua porini, watakaa kwa nini. Na wale wachache wanaokuja wanatoka kwenye maboga ya maji ya jirani, yale ya kuwauzia wapagazi, yanayooza baada ya mwezi. Nyuki hajui boga la nani. Akichanganya, mbegu yetu imekwisha — mwakani tutapanda la Bi Mwajabu na kuvuna la jirani.

Kwa hiyo tutafanya wenyewe. Jioni unatafuta ua jike litakalofunguka kesho, unalijua kwa ncha yake kuanza kuwa njano. Unalifunga mdomo kwa ukindu. Unafunga na madume. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, unavunja ua dume, unachana majani yake, kinabaki kile kijiti chenye unga. Unafungua jike, unampaka, unamfunga tena. Kitambaa chekundu kwenye kikonyo ili tujue. Basi.

Ashatu alicheka akaficha mdomo. Bi Mize naye akacheka! Sijamsikia akicheka tangu mfungo wa mwaka jana. "Mnafanya kazi ya kungwi," alisema.

Alhamisi, 22 Rajabu

Nimerudi kutoka shambani, vidole bado ni vya njano. Sikutaka kunawa.

Sikuzani alikuwa ameamka mbele yetu. Alikuwa amechutama mbele ya ua, hajaligusa, ananingoja. Akaniambia, dada, naogopa kuliua. Nikamwambia hata mimi. Tukalifungua pamoja, mimi nimeshika jike yeye ameshika dume. Ndani mna ubaridi, na chungu mmoja amelala. Akampuliza atoke. Akapaka polepole, kama mtu anayempaka mtoto dawa ya macho.

Pazi alikuwa kando, anakula ua dume tulilokwisha kulitumia. Mwache ale.

Tumepaka yote yaliyokuwa tayari. Kesho mengine. Mungu ajaalie.

Jumapili, 2 Shaabani

Mengi yameanguka. Yameshika matatu. Matatu tu, yenye vitambaa vyekundu. Mashina hayana nguvu ya zaidi, maji ya kisima yameshuka mpaka tunateka tope tunalichuja kwa kisutu.

Bi Mize ametoa amri. Haya matatu hayaguswi, hayakatwi, hata mtu afe, mpaka kikonyo kikauke kama kuni na ukucha usiingie kwenye ganda. Likikatwa kabla, mbegu zake ni mapepe, hazioti. Ameyalaza juu ya makuti ili yasiguse ardhi. Anayagusa kila siku. Anasema nayo, nimemsikia.

Jumanne, 11 Shaabani

Moja limeoza. Inzi alilitoboa likiwa dogo, hatukuona mpaka lilipolainika. Ndani, funza. Ashatu alilikata upande uliobaki mzima, hakuna aliyemzuia. Yamebaki mawili.

Bwana Msabaha wa Mbegani, mwenye ile minazi mingi, alipita leo na Mbaruku. Wamesoma chuo kimoja, ni marafiki. Akasimama akamtazama Sikuzani akiteka maji. Akauliza huyu ni wa nani. Mbaruku akasema si wa mtu, ni wa njaa. Wakacheka kidogo wakaenda zao.

Sikukipenda kile kicheko.

Bi Mize amekonda. Akikaa chini anainuliwa. Chakula chake anampa Ashatu, Ashatu anamrudishia, wanashindana mpaka kinapoa.

Alhamisi, 27 Shaabani

Limeibwa.

Asubuhi tulipofika liko moja. La upande wa kisima halipo. Kikonyo kimekatwa kwa kisu, kitambaa chekundu kimeachwa palepale kinaning'inia. Nilisimama nikakitazama. Bi Mize alikaa chini ghafula, kama kamba imekatwa.

Ashatu ndiye aliyeanza. Akapiga kelele: nani analala humu? Nani? Watu wakajaa. Kila mtu akamgeukia Sikuzani. Alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda na Pazi kiunoni, hata hajafunga nguo vizuri.

"Sikulichukua," akasema. "Nililipaka kwa mkono wangu. Nitalila vipi?"

Mtu mmoja nyuma akasema, kwa mdomo. Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka.

Wakapekua kibanda. Hakuna ganda, hakuna mbegu, hakuna hata moto — jivu la jana, baridi. Nikasema, jamani, hakuna kitu humu. Ashatu akanijibu kwamba mtu aliyetoka porini anajua kufukia. Mbaruku akafika. Akamwuliza Sikuzani mara moja, mara mbili. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, ile anayotumia msikitini: mambo mawili. Ama nakupeleka kwa liwali utiwe pingu, na mtoto sijui atakaa na nani. Ama unakwenda Mbegani kwa Bwana Msabaha, utafanya kazi, utakula, na mtoto atakula.

Sikuzani akamtazama Bi Mize. Muda mrefu. "Bibi," alisema, "wewe unanijua."

Bi Mize alikuwa ameinamisha kichwa, anafunua midomo, anafumba. Nikadhani ni huzuni ya boga lake. Hakusema kitu.

Na mimi je? Nilisema lile neno moja, kisha nikanyamaza. Mbaruku ndiye anayenilisha.

Ijumaa, 28 Shaabani

Amekwenda. Nokoa wa Msabaha, msimamizi wa watumwa wake shambani, alikuja kumchukua. Pazi hakulia. Watoto siku hizi hawalii.

Kisimani hakuna wa kuteka. Nimeteka mimi.

Jumapili, 1 Ramadhani

Mwezi umeandama. Watu wanapeana mkono, mfungo mwema. Tunafunga nini? Tulianza zamani.

Nalala kibandani usiku kulilinda lile lililobaki. Limeanza kubadilika rangi.

Jumapili, 8 Ramadhani

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika hivyohivyo.

Bi Mize ni mgonjwa, haamki. Ashatu ameenda porini na wanawake kuchimba ming'oko, akaniomba nimtazamie mama. Nyumba zetu zimepakana, ua kwa ua. Nikaenda baada ya adhuhuri. Amelala, mdogo kama mtoto, shuka haina umbo. Nikamshika miguu, shikamoo bibi. Marahaba, mwanangu. Nikamnawisha uso. Nikataka kufagia chini ya kitanda, kuna vumbi na jivu. Akanishika mkono. Nguvu sijui alizitoa wapi. "Acha hapo."

Nikaacha. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Ndani ya chungu kilichovunjika — maganda. Vipande vya ganda la boga, vimekwanguliwa kwa ndani mpaka vimekuwa vyeupe.

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Niliona njaa, Zaina," alisema. "Sikufikiri jingine. Niliona njaa tu."

Nikamwuliza nani mwingine anajua. Akasema hakuna, nilikwenda peke yangu, nimekula peke yangu. Kisha akaniambia nitazame ndani ya mto wake. Kitambaa, kimefungwa fundo. Mbegu! Amezihifadhi. Amezikausha. Nikazimwaga mkononi. Nyepesi kama magamba ya samaki. Nikabonyeza moja, zimekutana pande mbili, katikati hamna kitu. Mapepe.

Yeye! Aliyetufundisha!

"Najua," akasema. "Usinionyeshe. Najua."

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia mtu mzima kiasi kile. Nikamwambia, bibi, Sikuzani yuko Mbegani kwa ajili ya hili. Alikuita, ukanyamaza. Akaanza kulia, lakini machozi hayatoki, uso unakunjika tu. Anasema alitaka kusema pale pale, ulimi ulikuwa mzito. Watu wote walikuwa wanamtazama. Maisha yake yote watu wamemtazama akiwa mwaminifu.

Ameniahidi. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nimwitie Mbaruku na wazee waje ukumbini, atasema mwenyewe kwa mdomo wake. "Nipe mpaka Ijumaa. Nijitayarishe." Nikakubali.

Ashatu aliporudi alinikuta nimekaa nje. Akauliza, mama amekula? Nikasema hapana. Akanitazama kidogo. Akaingia ndani.

Jumanne, 10 Ramadhani

Nimefika Mbegani. Nilifuatana na wanawake wanaokwenda mikokoni kutafuta kaa, wakaniacha penye minazi. Sikumwomba Mbaruku ruhusa. Nitajibu baadaye.

Sikuzani amekaa na wenzake wengi wanasuka makuti. Wote wa bara, wote wana macho yaleyale. Pazi amenenepa kidogo usoni, ana uji kwenye kidevu. Aliponiona akaja akanishika nguo.

Nikamwambia yote. Sikupamba. Akaendelea kusuka, mikono haikusimama. Mwisho akasema: "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilipomwita. Mtu ambaye hakulila hawezi kunikimbia vile kwa macho."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. Angesema nani amsadiki, mgeni wa Vigwaza juu ya Bi Mize? Na kama wangemsadiki, akasema, yule bibi angekufa palepale. Alinipa maji, dada. Wengine wote walinitazama tu.

Wanasema hapa, akaniambia kwa sauti ndogo, kwamba baada ya Idi baadhi yao watapelekwa upande wa Pangani, na kutoka Pangani kuvushwa Pemba, kwenye karafuu. Kwa siri, maana serikali imekataza. Wanachagua wenye nguvu. Wenye watoto wadogo wanaacha watoto.

Nikaenda kwa Msabaha barazani. Mpole! Amenikalisha kwenye mkeka mzuri, ameniuliza habari za Kitwana. Nikamwambia Sikuzani hakuiba. Akasema, bibi, mimi sikumchukua kwa wizi, nimemchukua kwa njaa yake. Nikasema amekuja kwa kuogopa pingu, na pingu hazikuwa haki yake. Akafikiri. Au alijifanya kufikiri. Kisha: "Aliyemleta ni Mbaruku, msimamizi wa wakfu, mbele ya watu. Mbaruku akija mbele ya watu akasema walikosea, ataondoka na mtoto wake, sitamzuia. Lakini neno la mwanamke mmoja, mume wake hayupo, katika mwezi huu mtukufu — utanisamehe."

Nilipomuaga Sikuzani nilimwambia ukirudi tutagawana nilicho nacho. Akasema, hapa mwanangu anakula, dada, na kwenu hakuna kitu, usiniahidi chakula. Kisha akasimama, mara ya kwanza tangu nifike.

"Waseme tu sikuiba. Nikienda Pemba, nikibaki, nikifa. Pazi asikue akiitwa mwana wa mwizi."

Nimerudi kwa miguu peke yangu. Futari ilikuwa maji na kipande cha mng'oko. Mbaruku hakuniuliza nilikokuwa. Bila shaka anajua.

Ijumaa, 13 Ramadhani

Wamekuja. Mbaruku na wazee wawili, baada ya sala, wamekaa ukumbini. Niliwaambia Bi Mize ana neno.

Hawezi kusema. Tangu jana usiku ulimi umefunga. Macho yanaona, yananifuata mimi. Nikainama, nikamwambia sikioni, bibi, wamefika. Midomo ikasogea. Hewa tu.

Wazee wakamsomea Yasini wakaondoka. Mbaruku akanishika mlangoni: alikuwa na neno gani? Nikafungua mdomo. Ashatu alikuwa amesimama nyuma yake na kata ya maji. Nikasema sijui.

Kwa nini nilisema sijui?

Jumamosi, 14 Ramadhani

Amefariki alfajiri, muadhini akiwa katikati ya adhana. Watu wanasema bahati gani, mwezi huu, saa hii, milango ya pepo wazi. Wanasema hakuna mwanamke Bagamoyo mwaminifu kama yeye. Alishika mbegu za watu mwaka wa njaa na hakula hata moja! Wamesema hivyo. Wanawake wamelia kwa neno hilo. Nilimwosha pamoja na Ashatu. Nilimwosha mikono. Hana uzito, nimemgeuza kwa mkono mmoja.

Nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza. Niandike kweli hapa. Nilipokuwa naosha ile mikono niliamua: amekwisha, tumwache aende, nani atanisadiki, na nitakula kwa nani.

Baada ya adhuhuri wakamtoa ukumbini. Jeneza mlangoni, wanaume uwanjani, sisi ndani nyuma ya pazia. Mbaruku akasimama akasema yale yanayosemwa kwa kila maiti. Jamani, marehemu alikuwa mtu kama sisi. Aliyekosewa naye amsamehe. Na mwenye haki yake kwake ajitokeze aseme sasa, asiende nayo kaburini.

Kimya. Huwa ni kimya. Watu husema tumemsamehe, wakainua jeneza.

"Yupo," nikasema.

Sauti yangu sikuijua. Wanawake wote wakageuka.

Mbaruku akauliza, nani huyo? Nikasema, mimi, Zaina binti Ausi. Yupo mwenye haki yake kwa marehemu. Yuko Mbegani.

Minong'ono. Mzee mmoja akasema huyu amepatwa na huzuni. Mwingine akasema la, haki ya maiti haichezewi, aseme. Mbaruku akaja mpaka kwenye pazia, nikaona kivuli cha miguu yake. Sauti ile ya msikitini: "Shemeji. Tuna maiti mkononi na jua linakwenda. Tutamzika kwanza. Tukirudi utatoka, utasema mbele ya watu wote ni haki gani, na utaleta ushahidi. Ukikosa ushahidi, umemsingizia maiti katika Ramadhani, na nyumba ya ndugu yangu si nyumba yako tena."

Wamekwenda. Nimevuka ua nimeingia kwangu mara moja, wanawake hawanitazami. Naandika nimekaa chini, mgongo kwenye mlango.

Ushahidi gani? Yale maganda niliyatafuta asubuhi kabla ya kuosha. Chini ya kitanda pamefagiliwa. Mto umefuliwa, uko kwenye kamba.

Mlango wa uani umegongwa —

Ni Ashatu. Amekuja hivyo hivyo, kaniki ya msiba, kichwa wazi, miguu ina tope la maji ya kuoshea maiti. Hakukaa. Nilingoja anipige. Yeye ndiye aliyelia "nani analala humu" mbele ya watu, na nani kama si yeye aliyefagia chini ya kitanda!

"Alikuambia alikula peke yake," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Hakukata yeye. Asingeweza kufika kisimani usiku peke yake, ulimwona magoti yake. Nilikata mimi. Nikampikia. Alikataa usiku kucha, kisha akala. Tukala sote."

Nikamwuliza, sasa umekuja kuniambia nini, nitoke nikaseme au ninyamaze? Ameketi sasa, hapo mbele yangu, ameegemeza kichwa ukutani, ananitazama nikiandika. Nimemwuliza mara ya pili. Anafunua mdomo, anafumba.

Nawasikia wanaume. Wanarudi, wameshafika kona ya msikiti, viatu vyao na sauti ya Mbaruku mbele. Ashatu amesimama. Anafunga kichwa kwa ncha ya kaniki, anakaza, kama mtu anayetaka kutoka mbele ya watu — ama kama mtu anayetaka kukimbia, sijui, ameshika komeo la mlango wa mbele, na mimi nainuka nimfuate.